Bi Salma Hatoki Mlangoni

Wenzangu niliowaacha masjala wameniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya ukarani wa mahkama ya kadhi, ati nikifa nitaondoka na mengi. Nimewaambia mengi yamo madaftarini, madaftari yamo kabatini, na ufunguo wa kabati uko pale pale chini ya birika. Lakini wamenishikilia, na mtu aliyestaafu hana udhuru. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa sitasema. Aliyerukwa anajijua, na bado amenuna.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na shati jeupe na kalamu mbili, nikidhani kazi ya karani ni kuandika. Aliyenipokea ni Mzee Mbarouk, karani mkuu wa wakati huo, mtu mwembamba aliyekuwa akinukia karafuu kwa sababu ya jino bovu alilokataa kuling'oa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia niweke kalamu chini. Akanipa jagi la maji na glasi.

"Kazi yako ni hii," akasema.

Nikaona nimedharauliwa. Mtu nimemaliza skuli, nimepiga pasi mpaka kola, nnapewa jagi.

Haikufika adhuhuri akaingia bwana mmoja anatokwa jasho, anapiga meza. "Andika! Nimemwacha! Andika sasa hivi!" Mzee Mbarouk akamwambia karibu bwana, kaa, kunywa maji kwanza. Akanikonyeza. Nikamimina. Yule bwana akanywa, nikamimina tena. Glasi ya tatu alikuwa anatusimulia habari ya mtaro ulioziba mbele ya nyumba yake, na ya nne alisema mkewe amepika mchuzi wa pweza na bora awahi kabla haujapoa. Akaondoka.

"Umeona?" Mzee Mbarouk akaniuliza. "Mtu mwenye maji kinywani haachi mke."

Mgeni wa mambo haya na aelewe. Kwetu sisi mume akitamka, imekwisha. Nyumba ya mawe hujengwa miaka, kwa chokaa na boriti na ruhusa za serikali, lakini ndoa huvunjwa kwa neno fupi kuliko chafya. Talaka ni tatu. Ya kwanza na ya pili mume anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijesha. Ya tatu hakuna marejeo, labda mke aolewe kwanza na mume mwengine, naye amwache. Na neno likishatoka, hata aliyelitoa hana nguvu ya kulirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana sisi masjala tuliyaweka kwenye jagi.

Somo la pili la Mzee Mbarouk lilikuwa hili: andika lililosemwa. Lililokusudiwa ni kazi ya kadhi, na lililomo moyoni ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Nimelishika somo hilo miaka yote na nimelivunja mara moja tu, nitaeleza.

Vifaa vyangu vilikuwa daftari kubwa lenye jalada jekundu, mhuri, kidau cha wino na lile jagi. Baadaye ikaja kompyuta. Kompyuta ina kitufe cha kufuta, na mie mtu wa kazi yangu siwezi kukiamini chombo kinachofundisha watu kuwa lililoandikwa linafutika.

Mashauri ya ajabu yalikuwa mengi. Alikuja mama mmoja wa Mbweni na kasuku ndani ya tundu, kasuku ambaye kila alfajiri alikuwa akisema "nimekuacha" kwa sauti ya mume wake hasa. Kadhi akamwambia kasuku hana ndoa, basi hana talaka. Kasuku akaitamka mara tatu pale pale mbele ya meza yangu. Sikuandika. Akaja fundi mmoja wa mafriji kutoka Kidichi, uso umemsawijika, na simu mkononi. Mtu asiyemjua alikosea nambari akampelekea yeye ujumbe wa talaka. Fundi wa watu alitaka kujua kama yeye aliyeipokea anapaswa kukaa eda, kwa sababu ana friji tatu za watu za kurudisha kabla ya Ijumaa. Nilimpa glasi mbili, akatulia.

Lakini shauri lililonifanya nikubali kuandika ni la Fundi Nassor na Bi Salma.

Fundi Nassor alikuwa mchonga milango. Nyumba yao ilikuwa Mji Mkongwe, katika chochoro yenye upana wa kupita punda mmoja na mtu mwenye adabu. Mlango wake aliuchonga mwenyewe kwa mti wa mfenesi mwaka aliopeleka posa, kwa sababu mama yake Bi Salma alimwambia hatompa binti yake mtu mwenye mlango wa mabati. Alikuwa fundi kwelikweli, na alikuwa na domo. Asubuhi ukipita chochoroni ulimsikia anagombana na msumeno. Alikwisha kutoa talaka mbili katika maisha yake, ya kwanza kwa sababu ya feni, ya pili kwa sababu ya mama mkwe. Zote mbili niliziandika mie, na zote mbili alikuja kurejea kabla wino haujakauka sawasawa. Ilibaki moja.

Sasa akatokea mwanafunzi wake wa zamani anaoa huko Kikwajuni. Harusi kwetu mtu hualikwa kwa mdomo. Hupita watu nyumba kwa nyumba, wanabisha hodi, wanakaribishwa, wanasema mnaalikwa siku fulani. Huyu kijana akampelekea mwalimu wake picha ya maua kwenye simu, na chini yake maandishi.

"Mie naalikwa na maua?" Fundi akasema. "Mtu niliyemfundisha kushika patasi hana mdomo? Nyumba hii haendi mtu."

"Nyumba haiendi," Bi Salma akamjibu, "mie nnakwenda. Kanga nshazipiga pasi."

Akajifunika buibui, akafika mlangoni, akanyanyua mguu. Nyuma yake Fundi akatamka: "Ukivuka kizingiti cha mlango huu, huna ndoa."

Mguu ulikuwa hewani. Bi Salma mwenyewe alinihadithia kwamba aliurudisha ndani taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha kuazima, akakaa chini, akamtazama mumewe. Fundi akautazama mlango. Wote wawili walijua ni ya ngapi. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Fundi alikuwa na madole kumi mazima.

Kesho yake alikuja mahkamani kabla sijajaza jagi. Akasema, "Nimesema neno," basi. Kadhi alitaka kumsikiliza na mke, na mke hawezi kutoka. Ikabidi mahkama iende kwake. Kadhi akatangulia na kitabu, mie nyuma na daftari. Tukakaa ukumbini, Bi Salma nyuma ya pazia. Niliomba maji, nikayaweka karibu na Fundi.

Kadhi akamwuliza, "Fundi, ulikusudia mkeo asitoke nyumbani, au asivuke kizingiti?"

"Nilikusudia nilichosema. Kizingiti."

"Na ulikusudia siku ile ya harusi, au siku zote?"

Pale kila mtu alifahamu. Harusi ilikwisha kupita. Angesema "siku ile", tungekunywa kahawa tukaenda zetu, na Bi Salma angetusindikiza mpaka nje. Nikamsogezea glasi. Kadhi aliinua macho akawa anahesabu boriti, na najua alikuwa anampa nafasi.

"Sema siku ile, bwana," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Fundi akaitazama glasi. Akaisukuma pembeni. "Nisimwongopee kadhi," akasema. "Wakati ule nilikuwa na hasira, na nilikusudia siku zote."

Nyuma ya pazia, polepole: "Mpumbavu wee." Hilo lilisemwa na sikuliandika, na ndiyo mara moja niliyomwasi Mzee Mbarouk. Lile jengine, la siku zote, niliandika. Nilishika kalamu juu ya karatasi muda mrefu kuliko inavyofaa, kwa sababu niliona uchungu. Mtu huyu ameropoka maisha yake yote, na siku anayotakiwa aropoke kidogo tu, ndiyo siku aliyochagua kuwa mkweli.

"Zingekuwa mbili mkononi ningekutafutia njia," Kadhi akamwambia. "Hii ya mwisho haina njia. Asivuke hapo maisha."

"Basi mie nitoke wapi?" Bi Salma akauliza.

Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Kadhi akazungusha macho ukutani mpaka yakafika dirishani, dirisha refu la upande wa chochoro, lenye nondo. Akafunua kitabu, akafunga.

"Dirisha hukulitaja," akasema.

"Sikulitaja," Fundi akasema, na alikuwa mtu mwengine. "Wallahi sikulitaja."

Kwanza alitaka kutoboa mlango wa pili. Ofisi inayosimamia majengo ya zamani ikamleta afisa, kijana mwenye suruali ya kunyooka na faili. Akasema ukuta huu ni urithi, hautobolewi.

"Na ndoa yangu?" Fundi akamwuliza.

Kijana akapekua faili kwa dhati kabisa. "Ndoa haimo katika orodha," akasema.

Basi zikakatwa nondo. Bi Salma wakati ule alikuwa na miaka hamsini na kitu, na hakuwa mwembamba. Siku ya kwanza aliyotoka chochoro nzima ilikuwa na shughuli pale pale. Mmoja anafagia palipofagiliwa, mwengine anafunga kiatu asichokivaa. Bi Salma akatoa kapu kwanza, kisha kichwa. "Geuzeni nyuso zenu," akasema, na watu wakageuka, wenye haya wakageuka kweli. Fundi alikuwa nje ameshika kibao cha mbuzi wa nazi cha kukanyagia. Alikuwa ametoka kwa mlango.

Haukupita mwezi kibao kikawa ngazi. Fundi aliichonga vidato vitatu, akatia mahali pa kushikia, akapiga msasa mpaka ukipitisha kitambaa cha hariri hakikwami, kwa sababu buibui liliwahi kukwama. Akachonga maua kwenye fremu ya dirisha. Akachonga na mnyororo pembezoni, kama ule wa mlangoni. Hakumwomba mkewe msamaha kwa mdomo hata siku moja, lakini kila nikipita naona kazi imezidi.

Waongozaji wageni nao wakalijua dirisha. Nilimsikia mmoja anawaeleza watalii kwamba hii ni mila ya kale, mwanamke wa Kiswahili mwenye haya hatoki mlangoni. Watalii wakapiga makofi Bi Salma akiteremka na kapu la ndizi. "Waambie mume wangu hajui kunyamaza," Bi Salma akamwambia. Yule mwongozaji akatafsiri kwa muda mrefu sana, na nilisikia humo jina la sultani.

Maua na ngazi ndiyo yaliyoleta balaa. Ikaja barua kutoka kwa yule kijana wa faili: imebainika kwamba mwenye nyumba amefungua mlango bila ya kibali, na mlango huo uzibwe kwa mawe ndani ya siku thelathini. Fundi alikuja nayo masjala. Wakiliziba dirisha, mkewe amefungwa ndani maisha, au atatoka mlangoni naye amekuwa mwanamke wa watu. Nikampa maji. Siku hiyo aliyanywa.

Nikaandika kwa mhuri wa mahkama kwamba wanachokiita mlango ni dirisha, na kwamba Bi Salma hupita humo kwa udhuru wa kisheria. Wakajibu kwamba kinachopitwa na watu ni mlango. Nikawaandikia kwamba paka hupita dirishani kila siku na ofisi yao haijawahi kumwandikia paka barua. Wakajibu kwamba paka si mtu. Nikaona tunakwenda kubaya, maana siku ya thelathini ilikuwa wiki ile, na fundi mwashi alikwisha kumwaga mchanga chochoroni.

Kadhi akaenda mwenyewe, mie na daftari nyuma. Kijana wa faili akamwamkia shikamoo kwa heshima zote. Kadhi akamwitikia, akamwuliza, "Mwanangu, wewe nyumbani kwenu unaingia mlangoni?"

"Naam, sheikh."

"Hebu ingia hapa, kama unavyoingia kwenu."

Kijana akaweka faili chini, akapanda vidato vitatu, akaingiza mguu mmoja, akainama, akajaribu kuingiza wa pili. Tukasikia suruali inapasuka. Akakaa hapo, nusu ndani nusu nje. Bi Salma akatokea na sindano na uzi mweusi, akampa bila ya kumtazama. Baadaye, ameketi kwenye kochi la Fundi, amefunikwa kanga ya Bi Salma huku suruali ikishonwa, aliandika kwa mkono wake kwamba amekagua na kuridhika kuwa ni dirisha. Nakala ipo, jalada jekundu la mwisho. Mwashi akazoa mchanga wake.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha, watu wakaishi raha mustarehe. Siku moja nikamkuta Fundi mwenyewe anateremka dirishani, mzee wa miaka sabini, magoti yanalia.

"Fundi, wewe mlango hukukatazwa," nikamwambia.

"Najua." Akashika ukuta apumzike. "Lakini nikitoka mlangoni, yeye akateremka huku, nnaliona lile neno langu limesimama pale. Bora tuteremke sote."

Tokea hapo mlango wa mfenesi haukufunguliwa tena. Wageni wakibisha hodi huelekezwa dirishani. Na Fundi akaanza kupunguza maneno. Aliuogopa ulimi wake kama mtu aliyewahi kuungua anavyoogopa jiko. Kwanza aliacha kugombana na msumeno, kisha akaacha kugombana na redio. Mwisho hata chai alikuwa akiomba kwa kugonga kikombe. Akitaka sukari hugonga mara mbili.

Bi Salma alinilalamikia mie, kama kwamba mahkama ina dawa yake. "Zamani nilikuwa na mume mwenye kelele, na mlango," akaniambia. "Sasa sina vyote viwili. Hebu mwandikie barua aseme."

Nilikwenda kuzungumza naye. Nilimwambia Fundi, maneno si talaka tu, yako maneno mengine chungu nzima, mengi hayana madhara. Akafikiri. Akagonga kikombe, Bi Salma akaniletea chai. Hiyo ndiyo nguvu yangu yote ilipofikia, nami nilikuwa karani mwenye mhuri.

Fundi Nassor alifariki mwaka huu niliostaafu, kitandani kwake, na Bi Salma amemshika mkono. Jeneza halipiti dirishani. Tukaufungua mlango. Bawaba zilikuwa zimekamatana kwa kutu, ikabidi tuzipake mafuta ya nazi, wanaume wanne tukavuta. Akatoka hapo, mabegani kwa watu, bila ya neno.

Bi Salma akakaa eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Zilipokaribia kwisha, dada yake, Bi Mwanaisha, akaja kwangu akabisha hodi. Nikamkaribisha, nikataka kumpa kahawa, akakataa.

"Nimetumwa nikwambie kwa mdomo, si kwa simu," akasema. "Bi Salma anatoka eda Alkhamisi asubuhi. Unaalikwa. Na anauliza, ule mlango vipi?"

Nilikwenda kwa Kadhi, ingawa kazi nshaiacha. Hakufunua kitabu. "Neno limekwenda na mwenyewe," akasema. "Mwambie apite."

Alkhamisi chochoro ilijaa wanawake. Mie na wazee wachache tulisimama upande wa pili, migongo ukutani. Mlango ulikuwa wazi, mabawa yote mawili, umefutwa vumbi na kupakwa mafuta. Bi Salma akaja mpaka kizingitini, amejifunika buibui, kapu mkononi. Akanyanyua mguu. Ukakaa hewani, tukauona sote, na nikadhani ataurudisha.

Akavuka.

Vigelegele vikaanza. Akainua mkono, vikanyamaza. Akageuka, akaitazama nyumba kule ndani, kochi la Fundi na kikombe chake juu ya meza.

"Haya bwana," akasema. "Nshatoka. Sema."

Hakuna aliyecheka. Tukasubiri, watu wazima sote, waliosoma na wasiosoma. Sijui ni muda gani. Najua nilipojitambua kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na kifuniko nshakitoa.